Mbio za Wawili Zisiishie Juma la Tisa

Leo tunataka kulizungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo mno kuwekwa katika ukurasa wa maoni. Ni habari ya watu wazima wawili wanaoamka alfajiri, wakavaa raba, wakakimbia bega kwa bega kwa nusu saa, kisha wakarudi majumbani kwao kuoga na kwenda kazini. Hawatafuti nishani wala hawana mwalimu wa riadha. Wanafuata ratiba ya watu wanaoanza kukimbia, na sasa ratiba hiyo inakaribia kumalizika. Swali letu ni moja. Siku ya mwisho ya ratiba ikishapita, ni nini kitakachowaamsha tena alfajiri?

Swali hili tunalileta huku tukiitazama Naipingo, kata ya wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, pamoja na vijiji vya Nachingwea na Ruangwa kwa jumla. Tumevichagua vijiji kwa makusudi. Mazoezi ya kukimbia yakitajwa siku hizi, fikira za wengi huenda Dar es Salaam na Unguja, ambako vikundi vya mbio za pole hujaza barabara asubuhi za mwisho wa juma. Mwezi wa Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Wito ule ulikuwa kwa Watanzania wote, si kwa wenye barabara za lami peke yao.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Atasimama mzee mmoja na kusema: mkulima ana jembe, mama ana ndoo ya maji kichwani na mzigo wa kuni mgongoni, akimbie tena anamfukuza nani? Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake na hatutalidharau. Kulima kwa jembe la mkono, kupalilia ufuta na kuokota korosho juani ni kazi ya mwili, nao wataalamu wa afya huihesabu hivyo. Hatumwambii mama aliyeshinda shambani kutwa kwamba ana upungufu wa mazoezi.

Lakini Naipingo ya leo si ya wenye majembe peke yao. Wamo walimu wanaosimama mbele ya ubao na kukaa mbele ya madaftari. Wamo watumishi wa zahanati, makarani wa vyama vya ushirika, wenye maduka, mafundi cherehani, na vijana wa bodaboda ambao hawatembei hata hatua mia kwa siku. Wamo pia wakulima wenyewe katika miezi ambayo shamba limelala. Hawa wote hula ugali uleule alioula babu yao, ila hawaitoi tena ile kazi ambayo babu yao aliitoa kwa chakula hicho. Shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita presha, na ugonjwa wa kisukari havichagui mji wala shamba. Tena presha ina hila yake: mara nyingi humkaa mtu miaka mingi bila kumpigia hodi, hadi siku inapomwangusha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate kila juma dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito, kama kukimbia. Mtu akikimbia nusu saa mara tatu kwa juma, hupata dakika 90, naye amekwisha kuingia ndani ya kipimo hicho. Hapahitajiki uwanja wala kiingilio. Panahitajika njia, muda, na sababu ya kutoka kitandani.

Ratiba inayotumiwa zaidi duniani na watu wanaoanza ilitungwa mwaka 1996 na kijana wa Kimarekani, Josh Clark, ambaye alikuwa akimfikiria mama yake. Baadaye idara ya afya ya Uingereza iliichukua na kuwapa wananchi wake. Ni ya majuma tisa, siku tatu kwa kila juma, na baina ya siku moja ya mbio na nyingine pana mapumziko. Juma la kwanza mtu hutembea kwa haraka dakika 5 ili mwili upate joto, kisha hukimbia dakika 1 na kutembea dakika 1 na nusu, akirudia hivyo kwa dakika 20. Juma kwa juma vipande vya kukimbia hurefuka na vya kutembea hufupika. Siku ya tatu ya juma la tano hutakiwa kukimbia dakika 20 bila kutembea hata kidogo. Juma la saba ni dakika 25, la nane ni 28, na la tisa ni 30.

Uzuri wa ratiba hiyo ni subira yake, maana haimwambii mtu mzito wa miaka hamsini akimbie kama kijana wa sekondari. Humwambia akimbie dakika moja, apumzike, na kesho kutwa arudi. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Sisi wa Nachingwea tuna sababu ya pekee ya kuuheshimu mwendo wa pole. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza iliuleta Tanganyika mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliingia, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Hesabu za ekari zilikuwa za mamilioni tangu siku ya kwanza, kabla ardhi haijapimwa vema wala mvua haijajulikana tabia yake. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na reli nayo ikaja kung'olewa. Mwili wa binadamu ni kama ardhi ile. Ukiulazimisha utoe mavuno ya miaka kumi katika msimu mmoja, utakuvunjia jembe. Anayeanza na dakika moja hatendi kwa uoga. Amekubali kuipima ardhi yake kwanza.

Hata hivyo, hatari ya ratiba hii haiko mwanzoni. Iko mwishoni, pale ambapo watu wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. Hatari zenyewe ni mbili, nayo ya kwanza ni ya mwili.

Moyo na mapafu hujifunza haraka. Baada ya majuma sita au saba mtu hujiona ana pumzi asiyokuwa nayo tangu ujana, na hapo hushawishika kuongeza mwendo, kuongeza siku, au kuruka mapumziko. Lakini mifupa, viungo na kano havijifunzi kwa haraka ile. Huchukua miezi kukomaa. Ndiyo maana maumivu ya muundi, ya goti na ya kisigino humjia mtu wakati anapojisikia mwenye nguvu kuliko wakati wowote. Kilichomdanganya ni pumzi. Dawa yake ni kushika ratiba kama ilivyo, kuheshimu siku ya mapumziko, na kusimama maumivu yanapokaa mahali pamoja na kuzidi kila hatua.

Hatari ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu, kwani inawahusu wawili. Tuchukue mfano wa mwalimu na muuguzi walioanza pamoja. Mmoja huimaliza kilomita kwa dakika 7, mwenzake kwa dakika 8. Katika juma la kwanza, wanapokimbia dakika moja moja, yule mwepesi humtangulia mwenzake kwa mita 18 hivi tu. Kisha wote hutembea, mzito humfikia mwepesi, maneno mawili matatu hubadilishwa, na safari huendelea. Kumbe kile kipande cha kutembea kilikuwa si cha kupumzisha miguu peke yake. Kilikuwa ndicho kinachowakutanisha.

Sasa tuwatazame watu haohao katika juma la tisa. Hakuna tena kutembea. Kila mmoja akishika mwendo wake kwa dakika 30, mwepesi atakuwa amekwenda mita 4,286 na mwenzake mita 3,750. Pengo ni zaidi ya nusu kilomita. Katika barabara ya vumbi yenye mikorosho pande zote mbili, nusu kilomita ni kutoonana kabisa. Hawajagombana wala hakuna aliyemkosea mwenziwe, lakini ratiba ileile iliyowaunganisha imewatenganisha kwa sababu wote wawili wameifuata vizuri. Mzito hujiona mzigo, na asubuhi moja hupeleka ujumbe kwamba mguu unauma. Mwepesi hukimbia peke yake mara mbili, mara ya tatu mvua hunyesha, mara ya nne hulala. Majuma machache baadaye wote wawili wamerudi pale walipoanzia, kwani pumzi iliyopatikana kwa miezi miwili hupotea upesi mtu anapoacha kabisa.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba katika majuma ya mwisho sheria ya mbio za wawili ni mwendo wa yule mzito. Yeye ndiye mwenye saa. Mwepesi asione kwamba anapoteza faida, kwa maana anayeanza hana haja ya kasi. Ana haja ya muda wa kuwa miguuni. Dakika 30 za mwendo mpole ni dakika 30 kamili. Wala wasihangaike na umbali. Watu wengi wanaomaliza ratiba hii hawafikishi kilomita 5 katika nusu saa, na hilo si kosa hata kidogo. Umbali utakuja wenyewe kwa miezi ijayo kama wataendelea kuonana.

Kipimo cha mwendo huo si lazima kiwe saa ya mkononi. Kipo kipimo ambacho kila aliyesoma shule ya msingi hapa nchini anakifahamu, nacho ni mchakamchaka. Asubuhi, kabla ya kuingia darasani, mstari mzima wa watoto hukimbia kwa hatua moja, kiongozi akiimba na wengine wakiitikia. Tulidhani wimbo ule ulikuwa wa kutuchangamsha tu, kumbe ulikuwa pia ndio mizani ya mbio. Anayeweza kuitikia hajazidiwa. Mstari ukikimbia kupita kiasi, sauti hukatika, na kiongozi mwerevu hupunguza mwendo kabla mtoto hajaanguka. Wataalamu wa leo wanafundisha jambo hilohilo kwa watu wazima: kimbia kwa mwendo ambao unaweza kusema sentensi na mwenzako. Mkimbiaji wa peke yake hana wa kumjibu, wala kwa hiyo hana wa kumwonya. Wawili wanapozungumza, mazungumzo yao ndiyo breki yao.

Kwa wale ambao tofauti yao ni kubwa mno, ipo njia nyepesi ambayo haihitaji kuachana. Waanze mahali pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake, na dakika 15 zikitimia kila mmoja ageuke pale alipo na kurudi. Mwepesi atakuwa amekwenda mbali zaidi, naye atakuwa na njia ndefu zaidi ya kurudi. Kila mtu akishika mwendo wake sawasawa, watafika pale walipoanzia kwa wakati mmoja. Tunashauri wafanye hivyo mara moja tu kwa juma, tena kumekwisha kupambazuka na njia ina watu. Siku mbili nyingine wawe bega kwa bega.

Huenda msomaji akasema kwamba tunawafundisha watu ulegevu, na kwamba mbio ni mashindano. Na tuwatazame basi hao washindani wakubwa. Tarehe 6 Mei 1954, mjini Oxford, Roger Bannister alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Lakini hakukimbia peke yake: Chris Brasher alimwongoza mwanzoni, Chris Chataway akapokea, na Bannister akaimaliza kazi iliyokuwa ya watu watatu. Mwaka 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa amezungukwa na wakimbiaji waliopokezana kumwekea mwendo.

Hata Filbert Bayi wetu, ambaye alisifika kwa kutangulia mbele peke yake tangu mlio wa bastola, hakuwa peke yake. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuivunja rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker wa New Zealand alikuwa akimfukuza, naye pia aliipita rekodi ya zamani. Na tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alipoipatia Tanzania ubingwa wa dunia wa marathoni, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa wakati mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakitenganishwa na sekunde 0.03 tu. Ikiwa mabingwa humhitaji mwenzao hata wakati wanapotaka kumshinda, itakuwaje kwa mwalimu na muuguzi wa Naipingo, ambao hawana wa kumshinda ila kitanda?

Lakini mfano unaotufaa zaidi hatuupati katika rekodi hizo. Tunaupata kwa jirani zetu wa Kenya, kwa Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na kiongozi, mkono kwa mkono, wameshikana kwa kamba fupi. Kanuni inataka mkimbiaji avuke mstari mbele ya kiongozi wake. Katika michezo ya Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, Wanyoike alikuwa akiongoza mita 5,000 wakati kiongozi wake, aliyekuwa mgonjwa, alipoanza kuishiwa nguvu. Asiyeona ndipo akawa mwenye kumvuta anayeona, hadi wote wawili wakafika na nishani ya dhahabu ikapatikana. Miaka minne baadaye, mjini Athens, alishinda mita 5,000 na mita 10,000 akiongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni.

Katika kisa hicho tunajifunza kwamba mwenzi wa mbio si lazima awe mwenye nguvu zaidi. Ni yule aliyefungwa nawe kamba moja. Leo yeye anakuvuta, kesho unamvuta wewe, na hakuna anayeweka daftari la madeni. Wakimbiaji wetu wa Naipingo hawana kamba mkononi, ila wanayo miadi: saa kumi na moja na nusu, penye njia panda. Miadi hiyo ni kamba tosha. Mtu huweza kuivunja ahadi aliyojiwekea mwenyewe bila aibu yoyote, maana hakuna shahidi. Kumwacha mwenzako amesimama gizani akikusubiri ni jambo jingine.

Tunasisitiza hasa upande wa akina mama. Mwanamke anayekimbia peke yake alfajiri katika njia ya shamba ana hofu mbili. Ya kwanza ni ya usalama wake, nayo ni hofu ya haki. Ya pili ni ya ulimi wa jirani. Ataulizwa anakimbilia wapi, ana ugomvi gani nyumbani, na nguo ile ni ya nini. Wakiwa wawili, hofu ya kwanza hupungua sana na ya pili hugeuka kicheko, na baada ya mwezi mmoja wale waliocheka huanza kuuliza kama wanaweza kujiunga. Mke na mume, dada na shemeji, mama na binti yake, wote hawa ni wenzi wazuri wa mbio. Aliye na kanga na aifunge juu ya suruali yake, adabu haijavunjika. Nao wanaume wa vijijini tunawaasa waache kuyafanya mazoezi ya mke kuwa mzaha wa barazani. Gharama ya kumuuguza mtu aliyepooza kwa presha wanaijua wenyewe.

Kuna mambo mengine machache ambayo busara inataka tuyataje. Mtu mwenye presha, kisukari, maumivu ya kifua au ujauzito aende kwanza zahanati akapimwe na kushauriwa. Anayesikia kifua kubana, kizunguzungu au pumzi kukatika ghafula asimame papo hapo, na hapa tena mwenzi ana kazi, maana ndiye atakayeita msaada. Viatu viwe raba zenye soli nene kiasi. Ni kweli Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, lakini nyayo zake zilikuwa zimekomaa kwa miaka mingi, nazo njia zetu zina miba na vipande vya chupa. Pikipiki zinapopita, wawili wakae mstari mmoja pembeni mwa barabara, wakizielekea na si kuzipa mgongo, hasa kabla mwanga haujatosha.

Aidha, wakati wa kuanza una maana kubwa. Katika wilaya zetu mvua ni za msimu mmoja, kutoka mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa Aprili au Mei, na miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye ubaridi wa kupendeza. Anayeanza katikati ya Juni, ufuta ukiwa umekwisha kuvunwa, humaliza majuma yake tisa katikati ya Agosti. Ni wakati mzuri wa kuanza, ila ni wakati mgumu wa kumaliza, maana mara tu baada ya hapo joto huzidi na msimu wa korosho hubisha hodi. Ratiba inaisha pale kazi inapoanza. Wawili wasiopanga mapema juma la kumi litakuwaje, watajikuta hawana juma la kumi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba juma la kumi lipangwe katika juma la saba, wakati hamu ingali moto. Wawili wakae chini na kukubaliana mambo matatu: siku gani za kukutana, saa gani, na nani atamwamsha nani. Korosho zikiiva, siku tatu zishuke ziwe mbili, na dakika 30 zishuke ziwe 20, lakini miadi isifutwe. Anayekuja kukimbia dakika kumi na mwenzake wakati wa mavuno ameilinda kazi yake yote. Na ikiwezekana, wawili hao wamtafute wa tatu ambaye ndiyo kwanza anaanza dakika yake moja, wamrudie juma la kwanza pamoja naye. Hapo ratiba haitakwisha kamwe, na yule aliyekuwa mzito miezi miwili iliyopita atakuwa sasa ndiye kiongozi.

Tunawaomba pia viongozi wa vijiji na kata walitazame jambo hili kwa uzito wake. Hatuwaombi fedha. Tunawaomba viwanja vya shule viwe wazi alfajiri kwa watu wazima, watumishi wa afya waseme neno moja juu ya mbio za wawili wawili katika mikutano ya hadhara, na viongozi wenyewe waonekane njiani wakitokwa na jasho. Mwananchi huamini zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa.

Tumalizie na Mtanzania ambaye jina lake halitasahaulika kwa sababu ya kufika wa mwisho. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda kwa saa 2 na dakika 20, jua limezama, na watu wengi wamekwisha kutoka uwanjani, ndipo Akhwari alipoingia akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza, si kuanza tu. Kwa macho hakuwa na mtu kando yake. Kwa moyo alikuwa na nchi nzima inayomsubiri, na anayejua kwamba anasubiriwa hufika.

Nchi haitamsubiri kila mwalimu na kila muuguzi penye njia panda ya Naipingo. Lakini mtu mmoja anaweza kumsubiri mwingine, na hilo ndilo tunalolihimiza. Wananchi wa Nachingwea na Ruangwa ambao mmebakiza juma moja au mawili, msiharakishe mkaachana sasa. Malizeni pamoja kwa mwendo wa aliye nyuma, mpeane mikono, kisha kabla ya kwenda kuoga mkubaliane siku ya kukutana tena.